Siku tisa za Mama: Taa ya samli na mwanamke anayeilinda

KILA mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, Wahindu huingia katika siku tisa za ibada ziitwazo Navaratri, maana yake “usiku tisa”. Katika siku hizo Mungu anaitwa Mama. Anawashiwa taa, anapambwa kwa maua, anaimbiwa na kuchezewa ngoma hadi usiku wa manane.

Lakini ukiuliza ni nani anayeamka kabla ya jua kuiandaa ibada hiyo, anayepikia wengine huku mwenyewe amefunga, na anayekatisha usingizi kuongeza samli kwenye taa, jibu katika nyumba nyingi ni moja tu: mama mwenye nyumba. Siku za kumtukuza Mama ndizo siku zinazompa mama kazi kubwa kuliko siku nyingine za mwaka.

Mkoani Tanga, jina Kwamsisi linabebwa na kata mbili, moja wilayani Handeni na nyingine katika mji wa Korogwe. Wazee wa pande zote mbili wanayakumbuka maduka ya Wahindi ya enzi za mkonge. Walinunua hapo chumvi, mafuta ya taa, khanga na sukari. Kilichokuwa kikiendelea nyuma ya duka, kwenye chumba chenye picha ya mwanamke mwenye mikono mingi aliyepanda simba, wachache walikiona na wachache zaidi walielezwa.

Mhindi si lazima awe Mhindu

Kwanza ni vizuri kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa mno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, ambaye Waswahili wa pwani wamemwita Banyani tangu zamani.

Wapo Wahindi wengi Tanzania ambao si Wahindu: Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri ni Waislamu, Magoa wengi ni Wakatoliki, Masingasinga wana dini yao. Hao hawana Navaratri. Kwa hiyo kumpongeza kila Mhindi wa mtaani kwa sikukuu hii ni sawa na kumtakia kila Msambaa heri ya Idi bila kujua anasali wapi.

Wahindu wa Afrika Mashariki wengi wana asili ya Gujarati, magharibi mwa India, pamoja na maeneo ya Kachchh na Kathiawar. Wafanyabiashara wao walikuwapo Zanzibar muda mrefu kabla ya ukoloni wa Wajerumani. Katika karne ya 19, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kachchh, ilikodishwa ushuru wa forodha na Masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi.

Kuelekea bara walifuata njia za misafara, kisha reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoingiza mkonge. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, ilisalimika 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba, kambi za manamba, na pembeni mwa kambi yakaja maduka. Mwenye duka alipomleta mke wake, ndipo ibada ilipofika. Mume alileta daftari la hesabu. Mke alileta taa.

Hadithi ya nyati na mwanamke

Asili ya sikukuu ni hadithi ambayo kila mtoto wa Kihindu anaijua. Zimwi lenye umbo la nyati, Mahishasura, lilipewa ahadi kwamba hakuna mwanamume wala mungu wa kiume atakayeweza kuliua. Likajiona salama, likawafukuza miungu kutoka makao yao na kuitesa dunia. Halikumhesabu mwanamke.

Miungu wakaunganisha nguvu zao, akatokea Durga. Kila mmoja akampa silaha yake: upanga, upinde, mkuki wa ncha tatu, rungu. Akapanda simba, akapigana usiku tisa, na siku ya kumi akaliua zimwi. Siku hiyo ya kumi ndiyo Dussehra, siku ya ushindi. Kwa Wahindu wengine siku hiyohiyo ni kumbukumbu ya Rama kumshinda Ravana, mfalme wa mazimwi.

Wahindu huamini kwamba Durga, Lakshmi wa neema na mali, na Saraswati wa elimu, ni sura za nguvu moja ya kike iitwayo Shakti. Wagujarati humwita Amba au Mataji, yaani Mama. Nyumba nyingine hugawa siku tisa mafungu matatu, kila mmoja siku tatu.

Tarehe hubadilika kwa sababu kalenda inafuata mwezi. Mwaka 2023 siku ya kwanza ilikuwa Oktoba 15, mwaka 2024 Oktoba 3, na mwaka 2025 Septemba 22. Msomaji anayefuatilia mwandamo wa Ramadhani ataona mfanano: sikukuu inarudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Tofauti ni kwamba Ramadhani huzunguka majira yote, wakati Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya takriban miaka mitatu ili sikukuu isitoke katika majira yake. Ndiyo maana mwaka 2026 inarudi mbele hadi Oktoba 11. Kwa mkulima wa Handeni, hizo ni siku za kuangalia mawingu na kusubiri vuli.

Siku ya kwanza: Udongo, mbegu na maji

Kazi huanza kabla ya sikukuu. Nyumba inafagiliwa hadi buibui wa mwisho darini, mapazia yanafuliwa, jiko linasuguliwa. Vyombo vilivyopikia nyama, kama vipo, vinatengwa.

Asubuhi ya siku ya kwanza mama anaandaa mahali pa ibada. Si lazima pawe pakubwa: rafu, meza ndogo au kona ya chumba inatosha. Anatandika kitambaa chekundu, anaweka picha au sanamu ya Mama. Kisha anachukua sinia au chungu kipana, anajaza udongo safi, na kupanda humo ngano au shayiri.

Katikati ya udongo anaweka chombo cha shaba au cha udongo kilichojaa maji. Mdomoni anapanga majani matano ya mwembe na juu yake nazi iliyofungwa uzi mwekundu. Chombo hicho ndicho kiti cha Mama kwa siku tisa. Mkoa wa Tanga haujawahi kumsumbua mama wa Kihindu katika jambo hili: mwembe uko uani na nazi iko sokoni.

Mbegu zinanyunyiziwa maji kidogo kila siku. Kwa kuwa ziko ndani, mbali na jua, machipukizi hutoka membamba, ya rangi ya njano inayoelekea kijani. Yakirefuka vizuri, familia huchukulia kuwa ni dalili ya mwaka wa heri. Yakioza, bibi wa nyumba atanyamaza, lakini atajua ni nani aliyezidisha maji.

Kisha inawashwa taa. Ni bakuli dogo lenye samli na utambi wa pamba. Wanaoweka nadhiri huahidi kwamba taa hiyo haitazimika mchana wala usiku hadi siku ya tisa. Nadhiri hiyo ina masharti: nyumba isibaki bila mtu, feni isielekezwe upande wa taa, na lazima awepo wa kuamka saa nane za usiku kukata utambi ulioungua na kuongeza samli.

Siku inavyokwenda

Ratiba hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, lakini mwenendo wa kawaida ni huu.

Alfajiri: Mama anaoga kabla ya kugusa chochote cha ibada au jiko. Anavaa nguo safi, anaondoa maua yaliyonyauka ya jana na kuweka mapya. Maua mekundu kama yale ya mhibiskusi hupendelewa kwa Durga. Anachoma ubani au udi, anaweka alama ya unga mwekundu kwenye picha, kwenye chombo cha maji, na kwenye paji la uso la kila aliyemo nyumbani.

Asubuhi: Wanaoweza husoma sehemu ya Durga Saptashati, maandiko ya beti 700 katika sura 13 yanayosimulia vita vya Mama. Kwa kuwa ni ya Kisanskriti, wengi husoma yaliyoandikwa kwa herufi za Kigujarati au husikiliza kwenye simu wakati wakimenya viazi. Baada ya hapo duka linafunguliwa na watoto wanakwenda shule kama kawaida. Si siku za mapumziko.

Jioni: Taa zinapowashwa mtaani, familia nzima inakusanyika kwa arati. Sinia lenye taa linazungushwa taratibu mbele ya Mama, kengele inalia, wimbo wa sifa unaimbwa. Kisha sinia linapitishwa kwa kila mmoja: unaweka viganja juu ya moto kidogo na kuvipitisha usoni na kichwani, kana kwamba unajipaka mwanga. Mwisho hugawiwa prasadi, chakula kilichotolewa kwa Mama kwanza: kipande cha nazi, ndizi, sukari au halua ya semolina.

Arati nzima huchukua dakika chache. Maandalizi yake huchukua siku.

Sura tisa za mwanamke mmoja

Kila siku ina sura yake ya Mama. Siku ya kwanza ni Shailaputri, binti wa mlima. Ya pili ni Brahmacharini, msichana anayejinyima na kutafuta elimu ya roho. Ya tatu ni Chandraghanta, mwenye mwezi mchanga katika paji la uso. Ya nne ni Kushmanda, anayesemwa kuwa aliumba ulimwengu kwa tabasamu. Ya tano ni Skandamata, mama aliyempakata mwanawe Skanda.

Siku ya sita ni Katyayani, shujaa. Ya saba ni Kalaratri, usiku mweusi: mwenye ngozi nyeusi, nywele zilizotimka, amepanda punda. Anatisha kumtazama, lakini ndiye anayefukuza hofu. Ya nane ni Mahagauri, mweupe na mtulivu. Ya tisa ni Siddhidatri, anayetoa ukamilifu.

Bibi anapowaeleza wajukuu, mara nyingi huzipanga sura hizi kama maisha ya mwanamke mmoja: binti, msichana anayejifunza, mke, mama, mwenye hasira ya haki, mzee mwenye utulivu. Wasichana hupenda kuuliza kuhusu siku ya saba. Huyo ndiye anayewaambia kwamba hasira ya mwanamke nayo ina kiti mbele za Mungu.

Kufunga kwa muhogo

Saumu ya Navaratri si kama ya Ramadhani. Hakuna saa ya kuanza wala ya kufuturu iliyowekwa kwa wote. Mmoja anakula mlo mmoja kwa siku, mwingine matunda na maziwa tu, mwingine anafunga siku ya kwanza na ya nane. Wachache hunywa maji pekee. Kinachoepukwa na wengi wanaofunga ni nafaka, jamii ya dengu na maharage, vitunguu maji na vitunguu saumu. Nyama, mayai na pombe havizungumzwi kabisa. Chumvi ya kawaida hubadilishwa kwa chumvi ya mawe.

Mkazi wa Handeni angeshangaa kuona chakula kikuu cha mfungaji. Ni sabudana, punje nyeupe za mviringo kama lulu ndogo, na nchini India punje hizo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Huloweshwa saa kadhaa, kisha hukaangwa kwa samli kidogo pamoja na viazi vilivyokatwa, karanga zilizotwangwa, pilipili mbichi na binzari nyembamba. Muhogo uliotoka Amerika ya Kusini ukawa ugali wa njaa Handeni na chakula kitakatifu Gujarati.

Madaktari na wazee wenye busara hutoa tahadhari moja kila mwaka. Viazi vya kukaanga, karanga na vitamu vya maziwa kwa siku tisa mfululizo si saumu nyepesi kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu. Anayetumia dawa, mjamzito na anayenyonyesha wanapaswa kuzungumza na daktari kwanza, na dini yenyewe haiwalazimishi. Nadhiri inaweza kuwa ya kuacha sukari, kuacha hasira, au kulisha mwenye njaa.

Usiku wa kuzunguka chungu

Baada ya arati na chakula cha usiku huja garba, ngoma inayojulikana zaidi kuliko ibada yenyewe. Jina lake linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Katikati ya uwanja huwekwa chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, ndani yake taa. Chungu ni tumbo la mama. Taa ni uhai uliomo. Wachezaji huzunguka wakipiga makofi, wakiinama na kugeuka, hatua zikiongezeka kasi usiku unavyokomaa.

Zamani walicheza wanawake peke yao, wakiimba wenyewe: mmoja anatoa, wengine wanapokea, kama ilivyo katika ngoma nyingi za huku kwetu. Leo wanaume na watoto wamo, spika kubwa zimechukua nafasi ya waimbaji, na wasichana hushona sketi pana za mikunjo miezi kabla. Baadaye huja dandiya, ya kugonganisha fimbo mbili, zinazosemwa kuwa ni panga za Mama vitani.

Mwezi Desemba 2023, Unesco iliiingiza garba ya Gujarati katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Miaka miwili kabla, 2021, iliingizwa Durga Puja ya Kolkata, ambako Wabengali hufinyanga sanamu kubwa za udongo na kuzizamisha mtoni mwishoni.

Nchini, sherehe kubwa ziko Dar es Salaam, ambako mahekalu ya eneo la Kisutu hujaa, na kwenye miji yenye jamii kubwa za Kihindu kama Arusha, Mwanza na Tanga. Zanzibar, hekalu la Shree Shiv Shakti liko Hurumzi, katikati ya Mji Mkongwe, miongoni mwa misikiti.

Wasichana wanaooshwa miguu

Siku ya nane au ya tisa, familia nyingi, hasa zenye asili ya kaskazini mwa India, huwaalika wasichana wadogo ambao hawajavunja ungo, kwa desturi tisa. Mwenye nyumba, hata akiwa tajiri au mzee, anapiga magoti na kuwaosha miguu. Anawapaka alama nyekundu kwenye paji la uso, anawalisha puri, dengu na halua, anawapa zawadi: bangili, kalamu, kitambaa au pesa kidogo. Kwa saa hiyo, kila mmoja wao ni Mama mwenyewe amekuja kula.

Desturi hii ndiyo inayowaletea wazazi maswali magumu. Msichana aliyeoshwa miguu leo, kesho ataambiwa asome hadi wapi? Urithi wa duka utaandikwa jina lake au la kaka yake? Na akivunja ungo, je? Katika nyumba nyingi mwanamke aliye katika hedhi hakaribii mahali pa ibada hadi siku zake ziishe. Wapo bibi wanaoona hiyo ni heshima na mapumziko. Wapo wajukuu wanaouliza inakuwaje ngoma izunguke tumbo la uzazi usiku kucha, halafu mwenye tumbo hilo aambiwe asogee pembeni. Zamani mjane naye aliwekwa kando katika shughuli za heri; nyumba nyingi zimeacha hilo. Swali la hedhi bado linajadiliwa jikoni, kwa sauti ya chini, kati ya mama na binti.

Mzigo ni wa nani?

Hesabu siku ya kawaida ya mama wakati wa Navaratri. Ameamka saa kumi na moja alfajiri. Amepika sufuria mbili: ya wanaofunga, na ya watoto na wazee wasiofunga. Ameandaa arati mara mbili. Saa tatu usiku amekwenda garba, kwa sababu binti hawezi kwenda peke yake. Amerudi saa sita, ameosha vyombo, amelala, ameamka kuangalia taa. Kwenye wanafamilia wengine saumu ni kupunguza kula; kwake ni kupunguza kulala.

Nyumba zenye dada wa kazi humwachia sehemu ya mzigo huo. Dada wa Kizigua au Kisambaa aliyekaa miaka kadhaa na familia ya Kihindu anajua sahani ipi haiguswi, samli ipi ni ya taa na ipi ni ya chapati. Naye pia anastahili kulala.

Baadhi ya familia zimeanza kugawana. Baba anashika zamu ya taa usiku. Kijana wa kiume anamwagilia mbegu na kujifunza kutengeneza utambi. Arati inaongozwa na kila mtu kwa zamu. Hakuna andiko linalovunjwa. Ibada hii ya nyumbani haihitaji padri wala hekalu; inahitaji mikono, na haikuagizwa mikono hiyo iwe ya nani.

Nyumba zilizobaki

Katika miji midogo suala hili si la usawa peke yake, ni la kuendelea au kukoma. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Aprili 1971 ikaja sheria ya Serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi Sh100,000. Wahindi wengi wa miji ya mikoani waliondoka, wengine kwenda Dar es Salaam, wengine Uingereza, Kanada na India.

Waliobaki ni wachache. Garba haichezeki na watu wanne. Familia ya Korogwe inayotaka ngoma inasafiri kilomita zipatazo 90 kupitia Segera na Muheza hadi Tanga, na kurudi usiku kwa ajili ya duka. Watoto wanaosoma nje huiona arati ya nyumbani kwa simu ya video. Kunapokuwa na wachache hivyo, ibada inasimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo akichoka au akifa, chungu hakitolewi tena kabatini.

Hili si geni kwa majirani. Wazigua, ambao kwa desturi walihesabu ukoo kwa upande wa mama, wanajua jinsi tambiko linavyopotea pale bibi aliyejua maneno anapozikwa kabla hajamrithisha mtu. Dini ni tofauti, na wala si lazima zifananishwe. Msiba ni uleule.

Ukialikwa

Jirani akikualika kwa arati, mambo machache yanatosha. Vua viatu mlangoni. Usibebe nyama, mayai wala pombe. Peleka maua au matunda. Salamu ya Wagujarati wakati huu ni “Jai Mataji”. Prasadi hupokewa kwa mkono wa kulia, ukiwa umekingwa na wa kushoto. Kama imani yako hairuhusu kula kilichotolewa ibadani, sema hivyo kwa upole, hakuna atakayekasirika. Uliza kabla ya kupiga picha. Na ukiona mama wa nyumba amesimama tangu umeingia, mpishe kiti.

Siku ya kumi

Siku ya Dussehra Wagujarati hufungua kinywa kwa fafda, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa, na jalebi zinazochuruzika shira. Zana za kazi huheshimiwa: gari linaoshwa na kuvishwa maua, cherehani na mashine za dukani zinapakwa alama nyekundu. Baada ya siku 20 itafika Diwali.

Maji ya kwenye chombo hunyunyizwa vyumbani na yanayobaki humwagwa chini ya mti. Machipukizi hukatwa, kila mmoja hupewa majani machache, mengine hutiwa kwenye maji yanayotiririka. Udongo unarudishwa bustanini. Kwa wale wanaodhani Wahindu huabudu chungu, hapa ndipo pa kutazama: kazi ikiisha, chungu kinaoshwa na kurudi kuwa chungu.

Kilichobaki ni taa. Mama haipulizi, huiacha iishe samli yenyewe. Usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa, analala hadi asubuhi. Katika nyumba zilizojifunza kugawana zamu, hakusubiri hadi siku ya kumi.